"Nebraska" ya Bruce Springsteen: demo ya kaseti ikawa albamu. Kuna mtu wa kunielewesha?

Maiki_Mbovu

Wakuu, habari za jioni.

Nina kistudio changu hapa Sakina, Arusha. Chumba kimoja, trei za mayai ukutani, mablanketi mawili mlangoni, na maiki moja ya maana niliyoilipia kidogo kidogo kwa miezi minane. Nayasema haya mjue mapema kwamba mimi si mtu wa kudharau vifaa duni. Nimeishi navyo.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja, anapiga gitaa na kuimba, nyimbo sita za kutunga mwenyewe. Alikuwa amezirekodi kwa simu usiku jikoni kwao, ili tu nizisikie kabla hatujaanza. Jiko la gesi linavuma, kuna mahali mfuniko wa sufuria unaanguka na yeye anaendelea kuimba. Nikamwambia sawa, nyimbo nimezielewa, sasa tufanye kazi. Tumerekodi siku tatu. Nimeweka besi, nimeweka ngoma, nimeinyoosha sauti yake kila ilipopinda. Juzi nikamsikilizisha. Akakaa kimya mpaka mwisho, halafu akasema, "Kaka, samahani, mimi naona za simu ni nzuri zaidi."

Nikacheka, nikadhani utani. Hataniani. Anataka nizisafishe zile za simu kidogo na zitoke hivyo hivyo. Nilipobisha akaniambia, nenda kasikilize Nebraska ya Bruce Springsteen, ya mwaka 1982, halafu tuongee.

Nimeisikiliza mara mbili, tena kwenye spika za studio. Wakuu, sielewi. Kanda inavuma mwanzo mpaka mwisho. Sauti kama ya mtu aliye chumba cha pili. Ngoma hakuna hata moja. Nyimbo kumi, karibu zote gitaa na harmonika, na jamaa anasimulia mauaji, viwanda kufungwa na magari mabovu. Huyu ndiye yule yule wa Born in the U.S.A., wa ngoma kama radi?

Naomba mnieleze. Ni kweli ilirekodiwa nyumbani kwenye kaseti, au ni hadithi ya kuuzia? Kampuni ilikubali vipi? Na wakosoaji wa wakati ule waliipenda kweli, au ndiyo yale ya mtu akishakuwa mkubwa hata kikohozi chake kinasifiwa? Ushabiki sitaki. Nina mteja wa kumjibu Jumamosi.

Nawasilisha.

Kifaurongo

Mkuu umeshajijibu mwenyewe hapo kwenye kikohozi. Angeipeleka mtu asiye na jina, katibu muhtasi wa kampuni angeirudisha hata bila kuifungua bahasha. Mimi niliwahi kuiweka kwenye gari safari ya Moro, abiria wangu wawili wakalala kabla hatujafika Kibaha. Mwambie huyo dada alipe salio lake, chukua nyimbo zako zenye ngoma peleka redioni.

MzeeWaTela

Maiki_Mbovu, shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuitoa.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Des Moines, Iowa, na kazi yangu ni kuvuta tela. Njia yangu kubwa ni barabara kuu namba 80 kwenda magharibi, na ukitoka Iowa kwenda magharibi unaingia jimbo la Nebraska, upende usipende. Omaha, Lincoln, Grand Island, Kearney, North Platte, ndipo uione Wyoming. Kilomita 730 hivi, kuzidi Dar hadi Arusha, na sehemu kubwa ni kama mtu alichukua rula akachora. Mahindi, soya, maghala ya nafaka, na mto Platte unaokufuata pembeni. Machi utawaona korongo kwa maelfu karibu na Kearney. Zaidi ya hapo ni wewe na usukani.

Kaseti yake niliinunua kwenye kituo cha malori North Platte, kwenye boksi la vitu vya mtumba, dola moja na nusu. Niliichukua kwa sababu ya picha. Barabara tupu inayoonekana kupitia kioo cha mbele cha gari, theluji imekaa chini ya kioo, mbingu nzito, na maandishi mekundu. Nikajisemea, hii ni kazi yangu wameipiga picha. Baadaye nikajua mpiga picha ni David Michael Kennedy, na aliipiga akiwa ndani ya pikapu majira ya baridi ya 1975, miaka saba kabla ya albamu. Kwa hiyo hata picha ilikuwa imekaa kabatini ikisubiri.

Sasa swali lako la kwanza. Ni kweli tupu. Na hakurekodia Nebraska, watu wengi hudhani hivyo. Ni Colts Neck, New Jersey, kwenye nyumba ya kupanga, chumba cha kulala chenye zulia la rangi ya chungwa. Mwanzoni mwa Januari 1982. Mike Batlan, aliyekuwa akimtunzia magitaa, ndiye aliyemletea mashine ya TEAC ya kurekodi nyimbo kwenye kaseti ya kawaida, akasimamisha maiki mbili za Shure SM57. Wewe prodyuza unazijua hizo, hata kwaya ya kanisani kwenu huenda inazo. Jamaa akakaa kwenye kiti akaimba. Kuichanganya, waliipitisha kwenye mashine ya mwangwi, na iliporekodiwa upya iliingia kwenye redio kaseti ya Panasonic iliyokuwa imewahi kulowa maji. Ndiyo hiyo sauti ya chumba cha pili unayoilalamikia.

Elewa alikuwa nani wakati huo. Albamu yake ya 1980, The River, ilishika namba moja Marekani. Angeweza kukodi studio yoyote duniani. Shida ilikuwa kwamba studio zilimla pesa na muda: anaingia na bendi huku nyimbo hazijaiva, anakaa miezi. Safari hii akaamua atunge nyumbani kwanza, arekodi kwa bei rahisi, ndipo bendi ijifunze kutoka kwenye kaseti. Yaani ile kaseti ilikuwa kama zile sauti za simu za mteja wako. Kazi yake ilikuwa ni kuonyesha njia tu.

Akamtumia meneja wake, Jon Landau, pamoja na barua ya maelezo ya kila wimbo. Aprili wakaingia studio ya Power Station, New York, na bendi nzima ya E Street. Hapo ndipo pa kusikiliza vizuri, kijana, kwa sababu yaliyotokea ndiyo yaliyokupata wewe. Nyimbo zilizotoka kwenye kaseti hazikukubali. Kila wakiongeza kitu, watu wa ndani ya wimbo wanapotea. Ni chache tu zilizokubali, na uliolipuka hasa walipoupiga na bendi ndio Born in the U.S.A. Ndiyo, huo wa ngoma kama radi ulizaliwa kwenye kaseti hiyo hiyo ya chumbani! Wakauweka pembeni, ukatoka 1984. Hizo nyingine akajaribu tena kuzirekodi peke yake kwenye studio nzuri, bila bendi. Nazo zikagoma.

Miezi yote hiyo kaseti yenyewe ilikuwa mfukoni mwa jinzi yake. Bila kasha. Anatembea nayo kama funguo za nyumba. Mwisho akaitoa akasema, basi, tutoe hii.

Sasa kuhusu "mambo ya mauaji". Wimbo wa kwanza, uliopewa albamu jina, unamhusu Charles Starkweather, kijana wa Lincoln, miaka 19, ambaye Januari 1958 alizunguka Nebraska mpaka Wyoming na msichana wa miaka 14, Caril Ann Fugate, wakaacha watu kumi wamekufa. Alinyongwa kwa umeme Juni 1959. Springsteen alikutana na habari hiyo kupitia filamu ya Terrence Malick, Badlands, ya 1973, halafu akampigia simu mwandishi wa habari Ninette Beaver aliyekuwa ameifuatilia kesi. Mwanzoni wimbo uliitwa Starkweather na ulisema "yeye". Kisha akabadilisha, "yeye" ikawa "mimi". Kabadilisha neno moja tu, na ghafla muuaji hasimuliwi tena, anaongea na wewe, kwa sauti ya mtu anayeulizia nauli.

Na kuna neno jingine, "sir". Karibu kila mtu kwenye albamu hii anaongea na mkubwa fulani. Hakimu, askari, mlinzi, au mtu tu asiyemjua ambaye anamwita bwana. Ukiwa Mmarekani huenda lisikushtue. Mimi lilinishtua kwa sababu nililisikia kwa Kiswahili: "Ndiyo afande. Hapana afande. Mheshimiwa, naomba kusema." Kuna wimbo wa State Trooper, dereva anaendesha usiku New Jersey, hana leseni wala kadi ya gari, na anaomba kimoyomoyo askari asimsimamishe. Gitaa linapiga noti mbili tatu kama moyo. Haombi kwa Mungu, anamwomba askari ambaye hata hajatokea.

Usiku mmoja karibu na Ogallala nilisimamishwa. Makaratasi yangu yote yalikuwa safi, leseni, bima, kitabu cha safari. Kosa lilikuwa taa moja ya tela. Askari mwenyewe mpole, kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Lakini nilisikia sauti yangu ikitoka ile ile ya kwenye kaseti, ndiyo bwana, hapana bwana, asante bwana, mtu mzima wa miaka hamsini. Alipoondoka nilikaa dakika kumi bila kuwasha injini.

Wimbo wa Johnny 99, sikiliza tena, acha spika, sikiliza maneno. Kiwanda cha magari Mahwah kinafungwa, Ralph anakosa kazi, analewa, anampiga risasi karani wa usiku, hakimu anamtwanga miaka 98 na mmoja wa nyongeza. Kiwanda hicho si cha kutunga. Ford walikifunga kweli, 1980. Na mwaka ambao albamu ilitoka, wasio na kazi Marekani walizidi asilimia kumi. Ralph anamwambia hakimu kwamba benki ilikuwa inataka kuchukua nyumba yake, na kwamba hasemi hiyo inamfanya awe hana hatia. Msomi wa sheria angeandika kurasa hamsini kueleza hilo.

Kifaurongo, abiria wako walilala kwa sababu uliwaweka nyimbo za usiku saa nne asubuhi na jua la Kibaha. Ni kosa la dereva.

Kifaurongo

Hahaha mzee umenipiga taa ya tela. Lakini swali la mkuu la wakosoaji hujajibu. Umetoa hadithi ya barabara.

MzeeWaTela

Nilikuwa napakua mzigo. Najibu.

Ilitoka tarehe 30 Septemba 1982. Jarida la Rolling Stone liliipa nyota nne na nusu kati ya tano. Mwisho wa mwaka, kwenye kura ya wakosoaji ya gazeti la Village Voice, ilikuwa ya tatu, nyuma ya Elvis Costello na nyuma ya Richard na Linda Thompson. Kwa hiyo si heshima ya baadaye, waliipokea pale pale. Kilichowashangaza ni kwamba mtu aliyekuwa mlangoni mwa utajiri wa kweli aligeuka akaenda chumbani.

Wanunuzi nao: ilifika namba tatu Marekani, na namba tatu Uingereza. Hapo nakubaliana nawe nusu, jina lilisaidia, watu walinunua wakidhani ni The River ya pili. Redio hazikujua ziifanyie nini. Marekani hawakutoa hata wimbo mmoja peke yake kama singo. Ziara hakufanya. Video ilikuwa moja, ya Atlantic City, nyeusi na nyeupe, na yeye mwenyewe hayumo! Mtu anatoa video yake ya kwanza halafu haonekani. Umesikia wapi?

Kipimo ninachokiamini mimi zaidi ni nani aliuchukua wimbo akauimba. Johnny Cash, mwaka 1983, alirekodi mbili kati ya hizi kumi, Johnny 99 na Highway Patrolman, na albamu nzima akaiita Johnny 99. Cash aliwahi kuimba ndani ya magereza, wafungwa wakiwa mbele yake. Huyo huwezi kumdanganya kwa habari za mahabusu. Na Highway Patrolman, ule wa askari mwema mwenye ndugu mkorofi, ambaye mwisho anasimamisha gari pembeni akatazama taa za nyuma za ndugu yake zikipotea kuelekea mpaka wa Kanada, Sean Penn aliufanyia filamu nzima 1991. Mimi huo siusikilizi nikiwa na mtu. Nina mdogo wangu. Tuishie hapo.

binti_santuri

Salaam kutoka Mombasa. Naona mzee amemaliza barabara yote, nami naomba kipande cha karakana, kwani Maiki ni fundi na hajaambiwa ya ufundi.

Marehemu baba alikuwa na duka la kunakili kaseti pale Mwembe Tayari, nami nimekulia chini ya meza ya madeki. Kaseti ya kawaida ina njia nne za sauti kwenye utepe: mbili za upande wa kwanza, mbili za upande wa pili unapogeuza. Ile mashine ya TEAC, iliyotoka 1979, ilizitumia zote nne kwa kwenda upande mmoja, basi upande wa pili hauna kitu tena. Na iliuzungusha utepe mara mbili ya mwendo wa kawaida, maana utepe ukienda kasi sauti hushika vizuri zaidi na mvumo hupungua. Hivyo mtu akaweza kuimba na kupiga gitaa kwenye njia mbili, kisha akarudi akaongeza sauti ya pili, harmonika, kengele ndogo, mandolini. Zaidi ya nne hapana. Ndio maana hakuna msongamano, ndugu, hata angeutaka.

Sasa kasheshe ilikuja kwenye santuri. Kaseti ilirekodiwa chini mno, na redio iliyolowa maji haikusaidia. Ukiipandisha, mvumo nao unapanda. Ukiipeleka kwenye mashine ya kuchonga santuri, sindano inapotea njia, inakwaruza. Walihangaika nayo kwa mafundi kadhaa wa kumalizia sauti, hata ikafikiriwa itoke kwa kaseti pekee, santuri isiwepo. Aliyeiweza mwishowe ni Dennis King, wa studio za Atlantic huko New York. Mimi santuri hiyo ninayo, toleo la zamani. Utaona kilele cha sauti kiko chini kuliko santuri nyingine, lazima uongeze sauti kwa mkono. Wakati wa kuongeza ndipo unajikuta umekaribia spika, na sidhani ilipangwa hivyo, lakini ndivyo inavyokuwa.

Nakuambia haya kwa sababu "kuisafisha kidogo" si kazi ndogo. Wao waliokoa mvumo kwa jasho. Ukiondoa jiko la gesi kwa programu zako za kisasa, utaondoa na pumzi ya msichana. Sikiliza pale mwisho wa State Trooper anapopiga ukelele. Kwenye maiki ya bei ghali na chumba kizuri ungekuwa ukelele tu.

Mzee, la Reason to Believe hukuligusa. Wengi husema ni wimbo wa matumaini kwa kuwa uko mwisho. Wewe waonaje?

MzeeWaTela

Dada, hilo limenigombanisha na mchungaji wetu hapa. Yeye alisikia kiitikio tu, watu bado wanapata sababu ya kuamini, akasema unafaa ibadani. Nikamwambia asikilize beti. Mtu amesimama kando ya barabara anamdunga mbwa aliyekufa kwa kijiti, kana kwamba akisimama pale vya kutosha mbwa atainuka akakimbie. Mwanamke anamngoja mwisho wa barabara ya vumbi mwanamume asiyerudi. Mtoto anabatizwa na mzee anazikwa, beti moja. Bwana harusi amesimama mtoni, bibi harusi hakuja, maji yanapita. Anayeimba hawapongezi hao. Anawashangaa. Kuna neno humo la kuonyesha kwamba mambo hayo kidogo yanamchekesha.

Mchungaji akaniambia hata kushangaa ni mwanzo wa imani. Tukaachia hapo, alikuwa amenialika chakula.

Mwenyewe Springsteen baadaye ameandika kwenye kitabu cha maisha yake kwamba baada ya albamu hii aliendesha gari kuvuka nchi kwenda California, na njiani, Texas, akaanguka ndani ya nafsi yake, ikabidi aanze kutafuta tiba ya sonona. Nikikumbuka hilo siwezi kuusikia wimbo wa mwisho kama wa furaha. Mwaka 2025 wamemtengenezea filamu ya kipindi hicho hicho cha chumbani, na zile rekodi za bendi zilizokataliwa nazo zimetolewa. Nimezisikiliza, Maiki. Bendi inapiga vizuri sana. Tafuta, uweke Atlantic City ya bendi, halafu ya kaseti. Jamaa wa kwenye wimbo hana kazi, ana madeni yasiyolipika, anampeleka mchumba wake mji wa kamari akamfanyie mtu "kazi ndogo". Ya bendi, unadhani huenda akatoboa. Ya kaseti, unajua kabisa.

Maiki_Mbovu

Shikamoo mzee, na samahani kwa ya kwanza. Asanteni wote.

Nimefanya kama mlivyosema. Nilizima spika, nikaweka hedifoni, saa saba usiku, umeme ulikuwa umekatika natumia betri ya kompyuta. Sitasema nimeipenda yote. Wimbo wa Mansion on the Hill bado naona umerefushwa bure, na Open All Night ungekubali ngoma, mnisamehe. Ila ule wa Used Cars, baba ananunua gari la mtumba, mtoto yuko mbele, mama yuko nyuma anachezea pete yake, majirani wote wanakuja kuangalia kama gari ni jipya... Baba yangu aliwahi kuleta Peugeot 504 nyumbani kwa kusukumwa. Sikuwa nimemwambia mtu.

Halafu nikaweka ya mteja. Ya kwangu kwanza, ya studio. Ni safi. Ningempa kijana wangu wa kazi alama zote. Halafu ya simu. Ile sufuria inapoanguka, kuna kitu anafanya na sauti, anaishusha kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala chumba cha jirani. Kwenye ya studio hapo nilikuwa nimemwambia apandishe, kwa sababu ndiyo kiitikio.

Jumamosi nitamwambia tuanze na hizo zake. Labda gitaa la pili kwenye mbili, akikubali. Pesa ya siku tatu sijui nitamdai vipi, hilo ni suala jingine.

Kifaurongo

Mdai yote. Springsteen nadhani Power Station aliwalipa.

binti_santuri

Maiki, kabla ya Jumamosi. Mafaili yenyewe ya simu, ameshakupa? Yale halisi kutoka kwenye simu yake?

Maiki_Mbovu

Alinitumia WhatsApp. Ndiyo ninazosikiliza.

binti_santuri

Ewe ndugu yangu. Zile za WhatsApp zimeshabanwa. Mwambie akuletee simu yenyewe uzitoe kwa waya, leo hii, na unakili mahali pawili.

MzeeWaTela

Kaseti mfukoni bila kasha. Mpigie sasa.

Maiki_Mbovu

Nimempigia. Nimeongea na mdogo wake. Anasema dada kaenda kuuza ile simu, anaongezea ya kununulia gitaa. Kaondoka na bodaboda kuelekea mjini kama nusu saa hivi.

Natoka.